Mwenye Nguvu Mpishe: Je, Neno Hili Ni Haki?

Wazee walisema: Mwenye nguvu mpishe. Methali hii ni fupi, nayo husemwa mara nyingi penye njia nyembamba. Anayepita na mzigo mzito hupishwa. Anayepita na ng'ombe hupishwa. Anayepita na gari hupishwa na kila mtu, hata na mbwa. Mtoto huijua methali hii kabla ya kujua kusoma, maana asiyeijua huumia. Lakini kujua namna ya kuepa maumivu si kujua haki. Kwa hiyo yafaa kuuliza: je, mwenye nguvu hupishwa kwa sababu ana haki ya kupita kwanza, au kwa sababu anaogopwa tu? Swali hili laweza kuchunguzwa vizuri kwa kutazama jambo linaloonekana kila siku, nalo ni ugomvi wa wenye baisikeli na waendao kwa miguu.

Na uwekwe mfano. Haukutokea katika kijiji fulani, lakini hakuna kijiji ambamo hauwezi kutokea.

Ni asubuhi ya siku ya soko, katika njia ya udongo mwekundu iendayo Lubumbashi. Mvua zimeichimba njia hiyo hata pamebaki ukanda mmoja tu mwembamba, laini, ulioshindiliwa na nyayo za watu. Mama mmoja anatembea juu ya ukanda huo. Kichwani ana beseni la unga wa muhogo, mgongoni ana mtoto. Pamoja naye wanakwenda wanawake wawili wenzake, nao wanakwenda kununua, mikono mitupu. Wote watatu wanazungumza, na mazungumzo yao yamejaza njia.

Nyuma yao anatelemka mchukuzi wa makala. Baisikeli yake, ambayo watu wa Katanga huiita kinga, imefungwa magunia matatu. Ameondoka porini tangu usiku. Penye mlima aliisukuma kwa kifua. Sasa ameipanda na kuiacha itelemke, maana mtelemko ndio mapumziko yake pekee. Breki zimelika, naye akitaka kupunguza mwendo hukandamiza gurudumu kwa kiatu. Anapiga kengele. Anapiga mara ya pili. Anapaza sauti: «Pisheni, mama, pisheni!» Wale wawili wenye mikono mitupu wanaruka pembeni. Mama mwenye mtoto anageuka polepole, kama ageukavyo mtu mwenye beseni kichwani, nayo baisikeli imekwisha kufika.

Unga unamwagika. Mtoto analia, ingawa hana jeraha. Mkono wa mama umepigwa na usukani, nao waanza kuvimba. Magunia mawili yamepasuka, na makala yametapakaa juu ya unga.

Watu hukusanyika upesi penye jambo kama hilo, na kugawanyika upesi vilevile. Wa kwanza wasema: «Njia hii ni ya miguu tangu enzi za babu zetu. Baisikeli ni mgeni, na mgeni hafiki nyumbani kwa watu akiwafukuza.» Wa pili wajibu: «Kijana huyu alipiga kengele mara mbili. Mzigo wa namna hiyo hausimami penye mtelemko kama miguu inavyosimama. Nao akina mama wametembea kama walio ndani ya ua wa nyumba yao. Asikiaye kengele asiondoke, kosa ni la nani?» Ndipo mzee mmoja akohoapo na kusema: «Mwenye nguvu mpishe. Mama hakupisha, basi, yamekwisha.» Nao wote wakanyamaza.

Lakini je, yamekwisha? Vinywa vimefungwa, kweli, ila haki haijasemwa bado. Mama hana unga wala mkono wa kufanyia kazi. Mchukuzi amepoteza sehemu kubwa ya mali aliyoitolea jasho siku nyingi. Kama neno la mzee ndilo la mwisho, basi yafuata kwamba kesho mchukuzi atatelemka kwa kasi ileile, naye atakayegongwa atakuwa ameumia kwa kosa lake mwenyewe. Ndiyo sababu yafaa neno hilo lipimwe.

NJIA NI YA NANI?

Ugomvi huu haukuanza Kongo. Ulianza Ulaya, mara tu magurudumu mawili yalipotokea. Mwaka 1817 Mjerumani Karl Drais alipita barabarani juu ya chombo chake cha mbao chenye magurudumu mawili, akikisukuma kwa miguu kama anayekimbia ameketi. Katika Uingereza sheria ya mwaka 1835 ilikataza kupanda chombo au mnyama juu ya njia ya pembeni iliyowekwa kwa waendao kwa miguu. Baadaye sheria hiyo ilitumiwa kwa wenye baisikeli pia. Tena mwaka 1888 Bunge la Uingereza lilitangaza kwamba baisikeli ihesabiwe kuwa gari, na kwamba anayeipanda apige kengele kabla ya kumpita mtu. Hivyo mwenye baisikeli alipewa haki ya barabara, na pamoja na haki hiyo akapewa wajibu. Viwili hivyo vilitoka siku moja, katika sheria moja.

Mataifa mengi yalikubaliana tena juu ya mambo hayo katika Mapatano ya Vienna ya tarehe 8 Novemba 1968. Mapatano hayo yasema kwamba baisikeli iwe na breki inayofanya kazi, na kengele inayosikika kwa mbali ya kutosha. Yasema pia kwamba mtu aendaye kwa miguu, akilazimika kutembea ndani ya barabara, ashike upande unaomwezesha kuona vyombo vikimjia usoni, isipokuwa kama upande huo ni wa hatari. Lakini anayesukuma baisikeli kwa mikono ashike upande uleule wa vyombo. Nchi ya Kongo nayo ina sheria yake ya mwendo barabarani, ya tarehe 30 Agosti 1978. Na kwa kuwa katika Kongo vyombo hupita mkono wa kulia, aendaye kwa miguu hutembea vema mkono wa kushoto. Kwa nini? Kwa sababu hatari inayokuja usoni huonwa kwa macho, bali hatari inayokuja mgongoni husikiwa tu, na masikio hudanganyika.

Basi, katika mfano uliowekwa, kila upande una kosa lake. Mama na wenzake walikuwa wameipa hatari mgongo, na tena walijaza njia. Mchukuzi alikuwa na kengele, lakini hakuwa na breki. Sheria ikisomwa, hakuna atakayetoka hapo akijisifu.

Hata hivyo sheria peke yake haitoshi. Katika Uholanzi serikali imejenga njia nyingi za baisikeli zilizotengwa na njia za miguu, na penye ukingo wa mawe ugomvi hupungua. Katika njia ya mashamba hakuna ukingo wa mawe, wala hakuna askari wa barabarani. Kuna ukanda mmoja wa udongo, nao unawatosha wote au hauwatoshi, kwa kadiri ya mioyo yao. Pale ambapo jiwe halipo, dhamiri ndiyo lazima ifanye kazi ya jiwe.

HESABU YA MWENDO

Dhamiri nayo yahitaji ujuzi. Mtu hawezi kuogopa dhara asilolijua. Kwa hiyo ni vema hesabu ifanywe, nayo si ngumu kupita hesabu za shule ya msingi.

Mtu aendaye kwa miguu hupita kama kilomita 5 kwa saa. Mwenye baisikeli penye mtelemko hupita kwa urahisi kilomita 18 kwa saa. Kilomita 18 ni meta 18,000, na saa moja ina sekunde 3,600. Gawanya, utaona kwamba mtu huyo hupita meta 5 katika kila sekunde. Tangu jicho lione hatari hata mkono ubane breki, yapita kama sekunde moja. Maana yake ni kwamba baisikeli hupita meta 5, yaani urefu wa chumba kikubwa, kabla mwenyewe hajaanza kuizuia. Kama breki ni kiatu kilichokandamizwa juu ya mpira, na mzigo ni magunia matatu, meta hizo huongezeka sana.

Kuna jambo lingine lisilofahamiwa na wengi. Mwendo ukiongezwa mara mbili, nguvu ya kugonga haiongezeki mara mbili, bali mara nne. Mwendo ukiongezwa mara tatu, nguvu ya kugonga huwa mara tisa. Watu wawili wakigongana kwa miguu husema «pole» na kucheka. Mtu akigongwa na mwenye baisikeli apitaye kwa kasi mara tatu, haongezewi maumivu kidogo tu. Ni jambo jingine kabisa. Mfupa huvunjika. Kichwa hupiga ardhi. Hapa ndipo ulipo msingi wa kwanza wa haki ya njia: anayeweza kuleta dhara kubwa zaidi anadaiwa uangalifu mkubwa zaidi. Hadaiwi kwa sababu yeye ni mtu mbaya. Anadaiwa kwa sababu ameshika mikononi mwake kitu ambacho mwenziwe hana.

METHALI YAPIMWA

Sasa methali yaweza kupimwa. Mwenye nguvu mpishe: neno hili lasemwa na nani, naye anaambiwa nani? Mzazi akimwambia mtoto wake, ni neno jema sana. Ni kama kumwambia, «Mwanangu, usibishane na mto uliofurika, hata kama ni njia yako ya kila siku.» Hiyo ni busara, na busara ni fadhila. Mtoto mwenye haki aliyelala kaburini hana faida kwa haki yake.

Lakini neno hilohilo likitoka kinywani mwa mwenye nguvu, hugeuka. Mchukuzi akisema, «Mimi nina nguvu, basi nipisheni,» hasemi busara tena, anadai kodi. Anafanya woga wa wengine kuwa haki yake. Mtu wa namna hiyo hana sababu ya kulalamika siku atakapojiwa nyuma na lori lenye kupiga honi, maana lori nalo laweza kusema methali ileile. Ajabu ya barabara ndiyo hii: kila aliye mkubwa ana mkubwa wake. Pikipiki humfukuza mwenye baisikeli, gari dogo humfukuza mwenye pikipiki, lori hulifukuza gari dogo. Kama nguvu ndiyo haki, basi kila mmoja ana haki asubuhi naye hana haki jioni. Kitu kigeukacho hivyo si haki. Haki ni ile ambayo mtu aweza kuikubali akiwa juu ya baisikeli, na kuikubali vilevile akiwa chini yake.

Basi methali ibaki mahali pake. Ni shauri kwa mnyonge ajilinde. Si hati ya mwenye nguvu ili adhuru.

NANI MWENYE NGUVU?

Hapa msomaji mwangalifu atauliza: je, mwenye baisikeli ndiye mwenye nguvu sikuzote? La. Na hapo ndipo wengi wanaowahukumu wachukuzi hukosea.

Katika Goma na vijiji vilivyo karibu na mlima Nyiragongo, watu wamezoea kuona chukudu. Ni chombo cha mbao chenye magurudumu mawili na usukani, kilichobuniwa na watu wa Kivu wenyewe. Hubeba mamia ya kilo ya viazi, kabichi, kuni na makala. Penye mtelemko mwenyewe huweka goti moja juu ya ubao na kujiachia, na akitaka kupunguza mwendo hukandamiza kipande cha mpira juu ya gurudumu la nyuma kwa mguu. Kazi hiyo imelisha jamaa nyingi, hata katika mji wa Goma imesimamishwa sanamu kubwa ya chukudu yenye rangi ya dhahabu. Mtu huyo penye mtelemko ni mwenye nguvu, na ole wake asipoangalia. Lakini mtazame saa ileile anapopanda mlima. Miguu inatetemeka, jasho lamwingia machoni, na akisimama mara moja tu mzigo utamrudisha nyuma. Sasa ni nani mwenye nguvu? Ni yule kijana anayeshuka mikono mitupu, akitembea katikati ya njia. Kijana huyo akipisha, atapoteza hatua mbili. Mchukuzi akilazimishwa kupisha, huenda atapoteza mzigo wote.

Kwa hiyo uko msingi wa pili, unaokamilisha ule wa kwanza: anayeweza kupisha kwa hasara ndogo, na apishe. Njia haiulizi kwamba mtu ana magurudumu au ana miguu. Njia yauliza: nani ataleta dhara kubwa? Na nani ataona shida ndogo akitoa nafasi? Mwenye kujiuliza maswali hayo mawili kwa moyo mnyofu hatakosa jibu mara nyingi. Mwenye baisikeli tupu atapunguza mwendo mbele ya bibi kizee. Kijana mzima atatoka njiani mbele ya mchukuzi anayepanda. Watoto wa shule watatembea mmoja nyuma ya mwenziwe, nao hawatapungukiwa na kitu ila upana wa mazungumzo yao.

Kwa msingi huo, kosa kubwa lililojificha katika mfano sasa laonekana. Wale wanawake wawili wenye mikono mitupu waliisikia kengele. Waliruka. Walijiokoa vizuri sana. Lakini hakuna aliyemshika mwenzake mkono, wala kumwambia, «Simama, tulia, geukia huku.» Watu waliokusanyika walimhukumu mchukuzi na mama, wala hawakuwatazama hao wawili. Lakini hao ndio waliokuwa na uwezo wa kusaidia kwa hasara ndogo kuliko wote.

KENGELE NI HODI

Yafaa kusema neno juu ya kengele, maana ugomvi mwingi huanzia hapo. Wako wenye baisikeli wanaofikiri kwamba akishapiga kengele amekwisha timiza wajibu wake wote, na kwamba litakalotokea baadaye ni juu ya mwingine. Huo ni udanganyifu.

Mtu akifika mlangoni kwa jirani hupiga hodi. Akiisha kupiga hodi hungoja. Hawezi kusukuma mlango na kusema, «Nilipiga hodi.» Hodi ni swali, nalo hungoja neno la karibu. Kengele ni hodi ya njiani. Yasema: «Nipo hapa nyuma, je, naweza kupita?» Jibu lake ni bega linalogeuka, mguu unaosogea, uso unaotazama. Mpaka jibu hilo lionekane, mlango haujafunguliwa. Huenda mtu wa mbele ni mzee asiyesikia. Huenda ana huzuni, naye mawazo yake yako msibani. Huenda ana beseni kichwani na mtoto mgongoni, naye asikia vizuri lakini hawezi kugeuka upesi. Anayepiga kengele bila kuwa tayari kusimama, huyo hapigi hodi, anavunja mlango.

Lakini hodi nayo yahitaji mwenye nyumba mwenye adabu. Wako watu wanaosikia kengele na kukaza mwendo uleule kwa makusudi, ili kumwonyesha mwenye baisikeli kwamba hawamwogopi. Huo si ushujaa. Anayemlazimisha mchoka asimame bila sababu amemwibia nguvu, na nguvu za mchukuzi ndizo chakula cha watoto wake.

NANI ALILIPIA URAHISI?

Kuna jambo la zamani ambalo watu wa Kongo hawana budi kulikumbuka kila waonapo gurudumu. Magurudumu ya kwanza ya baisikeli yalikuwa magumu, yakimtikisa mtu mifupa yote. Mwaka 1888, katika mji wa Belfast, John Boyd Dunlop alipata hati ya serikali kwa ajili ya gurudumu la mpira lenye upepo ndani. Tangu hapo mamia ya maelfu ya watu wa Ulaya na Marekani walinunua baisikeli, wakafurahia kupita upesi bila maumivu. Mpira ukatakiwa kwa wingi, kwa baisikeli kwanza na baadaye kwa magari. Sehemu ya mpira huo ilitoka katika misitu ya Kongo, ambayo tangu 1885 hata 1908 ilitawaliwa na Leopold wa Pili kama mali yake mwenyewe. Wanavijiji walilazimishwa kuutafuta, wake zao wakafungwa mpaka waume walete mpira wa kutosha, vijiji vikachomwa moto, na mikono ya watu ikakatwa.

Je, kijana aliyepita juu ya baisikeli katika mji wa Ulaya mwaka 1895 alikuwa mwuaji? Hapana, wengi hawakujua kitu. Lakini urahisi wake ulilipiwa na mwili wa mtu ambaye hakumwona. Fundisho ndilo hili: kila mtu apitapo kwa urahisi, na aulize ni nani alipiaye urahisi huo. Mwenye baisikeli na aulize juu ya mama aliye mbele yake. Naye mkaaji wa mji, anayetaka makala kwa bei ya chini kabisa, na aulize kwa nini mchukuzi amefunga magunia matatu badala ya mawili, na kwa nini hana fedha ya kununua breki.

BAADA YA AJALI

Yabaki swali la mwisho: limekwisha kutokea, sasa je? Wengi hukimbia. Hukimbia kwa sababu wanaogopa watu waliokusanyika, na mara nyingine woga huo una msingi, maana watu wenye hasira hupiga kabla ya kuuliza. Wanaopiga nao wanatenda kosa. Lakini anayemwacha mtu aliyelala chini ameongeza kosa la pili juu ya la kwanza, na la pili ni kubwa zaidi. Maana la kwanza huenda halikukusudiwa, bali kukimbia kumekusudiwa. Wanafunzi wa dini wanajua mfano wa Msamaria, nao ulikuwa mfano wa barabarani: tofauti yote baina ya waliopita na yule aliyesifiwa ilikuwa kwamba mmoja alisimama.

Tena isidhaniwe kwamba mambo ya barabara hayahusu amri za Mungu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka 1992, ikieleza amri ya tano, yawataja wazi wale wanaohatarisha uhai wao na wa wengine barabarani kwa ulevi au kwa kupenda mno mwendo wa kasi, nayo yahesabu jambo hilo kuwa hatia nzito. Na amri ya saba yadai kwamba aliyeharibu mali ya mwenziwe alipe. Anayeungama kwamba alimgonga mama, naye hana nia ya kulipa unga, hajamaliza toba yake.

Je, atalipaje aliye maskini? Haki isiyomwacha mdaiwa aishi si haki. Basi mfano umalizwe hivi. Yule mzee aliyesema methali aulizwa na mzee mwenziwe: «Mama huyu angekuwa binti yako, ungesema yamekwisha?» Naye aliinama kidogo, kisha akasema: «Hayajakwisha.» Ndipo ikakatwa hivi. Mchukuzi ampeleke mama zahanati kwanza, kabla ya kuokota makala. Gunia lililobaki zima liuzwe, na nusu ya bei yake ilipe unga. Nusu ibaki kwake ili anunue breki, maana bila breki atadaiwa unga mwingine. Wale wanawake wawili wamfanyie mama kazi ya shamba mpaka mkono wake upone. Naye mama, mkono ukiisha kupona, atembee mkono wa kushoto. Hakuna aliyefurahi sana, lakini hakuna aliyerudi nyumbani akisema ameonewa.

TUPITE

Katika mji wa Kisangani, miaka ya vita na ya uhaba wa mafuta ya petroli, vijana wengi walipata riziki kwa kuchukua watu nyuma ya baisikeli zao. Pikipiki zimechukua mahali pa wengi wao baadaye. Watu waliita baisikeli hizo toleka. Neno hilo ni la Kilingala, na maana yake ni «tupite». Yafaa kulitazama vizuri. Halisemi «nipite», wala «mnipishe». Lasema tupite, yaani mimi na wewe, aliye juu ya baisikeli na aliye chini, mwenye mzigo na asiye na mzigo.

Basi, mwenye nguvu na apishwe na mwenye busara. Lakini mwenye nguvu aliye na haki atapisha yeye kwanza. Na wote wawili wakitaka kupishana, hata njia nyembamba itawatosha.

MASWALI YA KUFIKIRI

1. Methali «Mwenye nguvu mpishe» ni njema inaposemwa na nani, na ni mbaya inaposemwa na nani?

2. Katika mfano wa siku ya soko, nani angeweza kuzuia ajali kwa hasara ndogo kuliko wote?

3. Kwa nini kengele ni kama hodi? Anayepiga kengele yapasa awe tayari kufanya nini?

4. Katika njia iendayo sokoni kwenu, ni akina nani wanaolipia urahisi wa wengine?